Chupa Kumi za Kunegunda

Kunegunda wa Mfaranyaki alikuwa na ugomvi na neno moja tu hapa duniani, nalo ni "kupunguzwa". Chumvi ikipunguzwa kwenye mboga, sawa. Gauni likipunguzwa upindo, sawa. Lakini mtu mzima, mwenye mume, wajukuu wawili na miaka kumi na saba kazini, unampunguza vipi? Unaanza kumkata wapi?

Mwaka ulikuwa tisini na tatu, ruksa ya biashara imepamba moto. Madukani sabuni zilikuwa za aina nane, mpaka watu wakasahau kwamba juzijuzi tu walipanga foleni kugombea mche mmoja. Viatu vya mitumba vilimwagwa chini kwenye turubai, ukiinama unachagua mpaka kiuno kinalia. Vyama vya siasa navyo viliongezeka. Kila kitu kilikuwa kinaongezeka, jamani, isipokuwa watumishi wa serikali. Hao walikuwa wanapunguzwa.

Kunegunda alikuwa mhudumu wa maabara katika shule moja ya sekondari chini ya milima ya Matogoro. Alizaliwa Maposeni kwenye mahindi, akasoma darasa la nne la wakati wa mkoloni, akaolewa na Makarius fundi seremala, wakahamia Songea mjini. Shuleni aliingia mwaka sabini na sita kama mfagiaji. Siku moja mwalimu wa kemia akamwomba amsafishie mirija ya kioo, akaisafisha ikang'aa mpaka yule mwalimu akadhani ni mipya. Tangu hapo hakushika mfagio tena. Asidi kali aliipa jina la Bwana Mkali, na ile dawa nyekundu ya kupimia asidi, inayogeuka njano, aliiita Kigeugeu. Wanafunzi walicheka, halafu wakafika kwenye mtihani wa taifa wakajikuta hawakumbuki jina jingine zaidi ya Kigeugeu.

Hakuwa na cheti hata cha ushonaji. Na ile fomu iliyokuja kutoka mkoani mwezi wa tano ilikuwa inauliza kitu kimoja kwa sauti ya juu: cheti.

Mkuu wa shule, Madam Hilda, alimwita ofisini. Alikuwa mwanamke mwembamba, msema kweli kiasi cha kuudhi. "Mama Careen," alisema, kwa kuwa Careen ndiye binti wa kwanza wa Kunegunda, "sitakuficha. Jina lako limo katika wanaopendekezwa kupunguzwa. Nikitaka ubaki, lazima nijaze hapa sababu. Kazi gani unayoifanya ambayo mwanafunzi wa zamu hawezi kuifanya?"

Kunegunda alifungua mdomo. Kuosha vyombo? Wanafunzi wanaosha, ingawa kwa kuvunja. Kupanga chupa? Wanapanga. Alisimama pale akijitafuta, miaka kumi na saba yote, asijikute.

"Una mpaka mwisho wa mwezi wa sita," Madam Hilda akasema, kwa upole kidogo. "Fomu inarudi mkoani."

Aliyemwokota alikuwa Mwalimu Rupert. Huyu alikuwa kijana wa Kimatengo kutoka Mbinga, ana miaka ishirini na saba, suruali imemzidi, kichwa kimejaa kemia kiasi kwamba vitu vingine vilikosa pa kukaa. Alikuwa anaweza kutoka nyumbani amevaa soksi mbili mguu mmoja. Alikuja kufundisha huku akiwa na shahada yake ya pili aliyoiacha chuoni Dar es Salaam, imekamilika yote isipokuwa namba moja. Namba moja tu! Kifaa cha kuipimia kiliharibika, kikakosa kipuri, na profesa wake akampa mpaka mwezi wa nane aipate anavyojua mwenyewe, la sivyo faili lifungwe.

"Mwalimu," Kunegunda alimuuliza siku ya kwanza, akiwa na kitambaa mkononi, "hiyo namba umeipoteza wapi?"

"Sijaipoteza, mama. Sijaipata." Akavuta kiti, akachukua yai. "Unaona ute wa yai? Umejaa protini. Kila protini ina sehemu ndogondogo, tuseme viti. Nikitia rangi, hii Kigeugeu yako, chembe za rangi zinakuja zinakaa kwenye vile viti. Lakini hazigandi pale moja kwa moja. Hii inakaa, ile inainuka inakwenda zake. Baada ya siku mbili hivi, wanaokaa na wanaoinuka wanalingana. Kitabuni tunasema msawazo."

Kunegunda alifikiri. "Kama kilabuni."

"Kilabuni?"

"Kwenye pombe ya komoni, pale anapokunywa baba Careen. Ukipita saa tisa, mabenchi yamejaa nusu. Ukipita saa kumi na moja, yamejaa nusu vilevile. Lakini wanywaji sio wale wa saa tisa. Mmoja anainuka, mwingine anakaa. Ila Makarius, huyo haonekani kuinuka."

Rupert aliliweka yai mezani. Yeye chuo kikuu ilimchukua muhula mzima kulielewa jambo hilo, na alifundishwa na watu wenye miwani.

"Ndiyo hivyo hasa," akasema polepole. "Na namba ninayoitafuta inasema benchi linamshika mnywaji kiasi gani. Ni kile kiasi cha rangi kinachobaki kinazurura nje wakati nusu ya viti vimekaliwa. Benchi likiwa linashika kweli, wachache tu wakizurura mlangoni wanatosha kulijaza nusu. Likiwa halishiki, inabidi nusu ya mji iwe mlangoni."

"Namba ndogo, benchi linashika."

"Eeh!"

"Basi la Makarius ni ndogo sana." Akapangusa meza. "Na siku ya mnada, watu wakija wengi?"

"Waliokaa wataongezeka, wanaozurura wataongezeka, lakini ukikokotoa, namba ni ile ile. Ulete rangi nyingi, ulete kidogo, ukishasubiri ikatulia, ni ile ile. Ndiyo maana inaitwa thabiti."

Kunegunda aliacha kupangusa. Bei zilikuwa zinabadilika, siasa zilikuwa zinabadilika, padri wa parokia alikuwa amebadilishwa mara mbili, na yeye mwenyewe alikuwa yuko mbioni kupunguzwa. Halafu huku, ndani ya ute wa yai, kuna kitu ambacho ukikisukuma huku na kule kinatulia palepale! Haki ya Mungu, aliipenda ile namba kabla hajaiona.

Tatizo lilikuwa mfuko. Rupert alieleza kwamba vyuoni kuna mfuko maalumu wa utando mwembamba. Rangi inapita kwenye vitundu vyake, protini haipiti kwa unene wake. Unatia ute ndani, unaufunga, unautumbukiza kwenye maji yenye rangi, unangoja. Ukipima rangi iliyobaki nje, ukaitoa kwenye ile uliyoweka mwanzo, unajua iliyoingia kukaa ni ngapi. Lakini mfuko huo Songea unaupata wapi?

"Utumbo wa mbuzi," alisema Kunegunda.

"Mama, hii ni sayansi."

"Na huo ni utumbo. Rangi itapita, ute hautapita. Nani alikwambia mbuzi alipokuwa anautumia alikuwa anacheza?"

Kesho yake alikuja nao kutoka kwa mchinjaji, akaukwangua kwa kisu butu ndani na nje, akausuuza kwa maji ya chumvi mara saba, mpaka ukawa mwembamba unaona kidole upande wa pili. Rupert alijaribu. Rangi ilipita. Ute haukupita. Kijana akaanza kurukaruka maabara nzima kwa soksi zake mbili.

Ndipo alipokwenda kwa Madam Hilda na wazo. Zitafungwa chupa kumi, mbili kila siku kwa siku tano, kila moja na kiasi chake cha rangi. Ute atamimina yeye mwenyewe kwa bomba la sindano, maana ndio kazi ngumu. Rangi atadondosha Kunegunda, na kusoma rangi atasoma Kunegunda, kwa kulinganisha na mirija ya mfano iliyopangwa juu ya karatasi nyeupe, kwani jicho lake lilikuwa linaona tofauti ambayo hakuna mwingine pale shuleni aliyeiona. Kila chupa itatoa namba yake.

"Namba kumi zikikubaliana," alisema Rupert, "huo sio mkono wa mfagiaji. Ni mkono wa fundi wa maabara. Nitaandika hivyo, uambatanishe na fomu."

"Zisipokubaliana?" Madam Hilda aliuliza.

"Nitaandika hivyo pia."

Kunegunda, aliyekuwa mlangoni, alimtazama yule kijana kwa jicho ambalo lingemgandisha Bwana Mkali. Mtu anakutetea, halafu anafungua na mlango wa nyuma! Lakini ndivyo alivyokuwa Rupert, hakujua kusema uongo, hata ule mdogo wa kusifia chai.

Walianza Jumatatu. Baridi ya Juni ilikuwa inashuka kutoka Matogoro, na Rupert alishukuru, kwa sababu ute usingeoza. Alimimina ute wake, ulimi nje, jasho kwenye pua. Kunegunda alishika pipeti, ule mrija wa kudondoshea, akadondosha matone kama alivyoandikiwa: chupa hii ishirini, ile thelathini, ile arobaini. Wakafunga, wakaweka kabatini. Jumanne vivyo hivyo, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Jumatano hiyohiyo Careen alijifungua mtoto wa kiume salama, na Kunegunda, bibi wa mtoto, akaja kazini anaimba. Kila chupa ilipotimiza siku mbili, alisoma rangi ya nje bila kusita: "Kati ya mrija wa nne na wa tano, karibu zaidi na wa nne." Jumapili baada ya misa walikuja wakasoma za mwisho. Rupert akasema chupa zisioshwe mpaka amalize hesabu.

Alimaliza Ijumaa iliyofuata, uso umemshuka.

Chupa ya kwanza ilitoa tisa. Ya pili kumi na tatu. Ya tatu kumi na saba. Ya nne kumi na mbili. Ya tano, ya Jumatano, ikatoa thelathini na moja. Zilikuwa namba za ajabu, kila moja imeshika njia yake, na zote zilidai kutoka kwenye ute uleule na rangi ileile.

"Thabiti gani hii?" Kunegunda alinong'ona.

"Sijui, mama." Rupert alikuwa amekaa na kichwa mikononi. "Labda utumbo. Labda umenyonya rangi. Sijui."

Kunegunda alirudi nyumbani kwa miguu, na njiani hakumsalimia mtu. Namba aliyoipenda ilikuwa imemkana, na kazi imeondoka nayo.

Jumamosi alikwenda sokoni kununua maharage kwa Biasha, mwanamke wa Kiyao kutoka Tunduru, ambaye alihamia Songea na mume wake na sasa alikuwa na meza yake mwenyewe. Biasha alijaza kopo mpaka likafanya kichuguu, akalimimina kwenye mfuko. Halafu, kama wanavyofanya wauzaji wote wa Songea, akachota konzi moja, akatia juu. Akamtazama mteja wake usoni, akaongeza na nyingine.

"Leo mbona mnyonge, dada? Chukua nyongeza, inshallah utachangamka."

"Ahsante," alisema Kunegunda. Akapokea mfuko. Halafu akasimama palepale, mdomo wazi, wateja wengine wakimpita.

Nyongeza!

Yesu na Maria. Aliiona tena ile pipeti mkononi mwake mwenyewe. Matone ishirini, halafu mawili juu. Matone thelathini, halafu matatu, manne. Hakuna aliyemwambia, na wala hakuwaza. Amelelewa Maposeni kwenye meza ya mama yake, ambako kupima ukaishia kwenye mstari ilikuwa sawa na kumwambia mtu "sikupendi". Kipimo ni kipimo, na nyongeza ni utu. Miaka kumi na saba ya maabara haikuufundisha mkono wake vinginevyo, kwa sababu wanafunzi hawakuwahi kumwachia kupima kitu. Na ile Jumatano, siku ya mjukuu, mkono ulikuwa mkunjufu kupita kiasi. Chupa ya tano huenda alitia matone kumi ya furaha tupu.

Rupert alikuwa akihesabu rangi aliyoiandika. Ndani ya chupa kulikuwa na rangi nyingine, ambayo haikuandikwa popote.

Nyumbani alimweleza Makarius. Mume wake, mtu ambaye hakuwahi kunyamaza tangu siku ya harusi yao, alimsikiliza mpaka mwisho, akatoa ushauri: "Nyamaza."

"Ninyamaze?"

"Ukisema, umejifukuza mwenyewe. Mhudumu asiyeweza kuhesabu matone! Watakupunguza mpaka jina."

Jumapili kanisani Kunegunda hakusikia neno la mahubiri. Jumatatu aliingia maabara mapema, ameamua kusema. Alikuwa ameipanga na sentensi kabisa. Lakini Rupert alimtangulia, karatasi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwalimu, kuna neno..."

"Subiri kwanza nikusomee. Nimeandika kwa mkuu." Akasoma, sauti imechoka: "'Majaribio hayakufaulu. Mhudumu Kunegunda alifuata maelekezo yote kikamilifu. Kasoro ni ya vifaa, ambavyo nilivichagua mimi mwenyewe. Jicho lake na uangalifu wake havina mfano, na naomba abakizwe kazini.'" Akakunja. "Ndiyo kweli ninavyoiona. Sitaki uadhibiwe kwa utumbo wa mbuzi."

Sentensi ya Kunegunda iliyeyuka yote. Barua ilikuwa ile pale! Inambakiza! Hakuhitaji kusema uongo hata mmoja, ilimtosha tu kunyamaza, kazi ambayo hata Makarius aliona ni rahisi. Akachukua bika la kioo, akaliosha. Akaliosha tena. Liliposafishwa mara ya tatu lilikuwa safi kuliko siku lilipotoka kiwandani, na moyo wake ulikuwa unamuuma waziwazi, kama jino.

"Na wewe, Mwalimu? Namba yako?"

"Nimemwandikia profesa pia," alisema Rupert. "Wafunge faili. Nitabaki kuwa mwalimu, sio vibaya." Akatabasamu, tabasamu baya kuliko kilio. Akafungua kabati, akatoa chupa ya kwanza, akaiendea karo. "Ngoja nikusaidie kumwaga hizi, zimeanza kunuka."

"Usimwage!"

Sauti ilimtoka Kunegunda kwa nguvu mpaka mwanafunzi mmoja nje akadondosha ndoo. Rupert aliganda, chupa imeinama.

"Usimwage, mwanangu. Ni mimi. Niliongeza."

"Uliongeza nini?"

"Rangi. Kila chupa. Nyongeza." Akaeleza yote, Biasha, kopo, konzi, mama yake, mjukuu, huku machozi yakimtoka na yeye akiyafuta kwa kitambaa cha meza, ambacho hakikuwa kisafi.

Rupert alikaa chini. Halafu akasimama. Halafu akatupa chaki ukutani. "Wiki mbili, mama! Wiki mbili silali, nautukana utumbo wa watu!" Akazunguka meza. "Uliongeza matone mangapi?"

"Sijui."

"Kwa makadirio!"

"Mwalimu, nyongeza haihesabiwi. Ukiihesabu si inakuwa bei?"

Rupert alifungua mdomo amjibu kwa ukali, na ndipo ukabaki wazi hivyohivyo. Alitazama chupa mkononi. Kunegunda akaona uso wa kijana ukibadilika kidogo kidogo kuanzia kwenye nyusi.

"Haijali," alisema.

"Nani hajali?"

"Namba. Haijali uliweka ngapi! Mama, mimi ndiye mpumbavu. Niliwahesabu wanywaji walipokuwa wanatoka majumbani, badala ya kuingia kilabuni na kuwahesabu waliokaa. Ulete wengi, ulete wachache, nilikwambia mwenyewe! Hatuna haja ya kujua uliweka ngapi. Tunahitaji kujua sasa hivi ziko wapi, za nje ngapi, za ndani ngapi. Na za ndani," akainua chupa kwenye mwanga, mfuko wa utumbo ukielea ndani yake umenona rangi ya machungwa, "za ndani bado zimo."

Walifanya kazi mpaka saa za chakula zikapita. Walifungua mifuko mmoja mmoja, wakapima ute, wakaumwagia spiriti. Ute uliganda vipandevipande ukaitema rangi yake yote, wakachuja kwa kitambaa, Kunegunda akaiweka kando ya mirija ya mfano na kusoma. Safari hii hakuongeza wala kupunguza, kwani hakukuwa na cha kuongeza, alisoma tu. Kwenye hesabu waliondoa ile iliyokuwa inazurura ndani ya mfuko bila kiti, maana ukolezi wake ni uleule wa nje, ikabaki iliyokaa. Rupert aliandika, akagawanya, akazidisha, huku Kunegunda akisimama nyuma yake ameshika rozari mfukoni.

Nane. Ya pili, nane kasoro kidogo. Ya tatu, nane. Ya nne, nane na ushei. Walipofika ya tano, ile ya mjukuu, Rupert alikokotoa mara mbili.

Nane.

"Hata hii!" Kunegunda alipiga makofi. "Hata hii yenye wazimu!"

"Hii ndiyo nzuri kuliko zote," alisema Rupert. "Ulileta umati. Kila mtu akapata nafasi yake." Zilipotimia kumi, aliweka kalamu chini, akaifumbata mikono ya yule mama kwa mikono yake miwili, halafu akaichana ile barua ya profesa, ambayo hakuwa ameituma bado.

Kisha wote wawili wakaiangalia ile barua ya mkuu mezani. *Alifuata maelekezo yote kikamilifu.*

"Siwezi kuipeleka hivi," alisema Rupert, taratibu.

"Najua huwezi." Kunegunda alijifunga kitenge upya, akakikaza. "Andika ilivyokuwa."

Kesho yake asubuhi Madam Hilda alisoma kurasa mbili bila kuinua kichwa. Walisimama mbele yake kama wanafunzi waliochelewa gwaride. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga kwa makusudi.

"Hapa unasema mhudumu hakufuata maelekezo."

"Ndiyo, mkuu."

"Na huku mwisho unasema namba kumi zimekubaliana."

"Ndiyo, mkuu. Kwa sababu namba yenyewe..."

"Usinifundishe kemia asubuhi yote hii, Mwalimu, mimi ni mtu wa historia." Alivua miwani. "Mama Careen. Ile barua ya kwanza uliisikia ikisomwa?"

"Niliisikia."

"Ilikuwa inakubakiza."

"Ilikuwa inanibakiza, mkuu."

"Na hakuna mtu angejua."

"Hakuna."

"Sasa kilichokuwasha ulimi ni nini?"

Kunegunda alitazama sakafu. Aliipiga deki sakafu ile kwa mwaka mzima, zamani hizo. "Alikuwa anaimwaga, mkuu," alisema. "Namba yake ilikuwa mlemle ndani ya chupa, na alikuwa anaibeba kwenda kuimwaga kwenye karo mbele ya macho yangu, kwa kosa langu, huku ananiombea mimi. Ningebaki na kazi, sawa. Ningekuwa namtazamaje?"

Madam Hilda alivuta fomu ya mkoa, akavaa miwani yake, akaandika mahali palipoandikwa sababu. Aliandika muda mrefu, kalamu ikikwaruza, akageuza ukurasa na kuendelea nyuma, pasipo na mistari. Kunegunda bila miwani hakuweza kusoma, na kuuliza hakuthubutu. Mkuu aligonga muhuri, akatumbukiza fomu kwenye bahasha, akailamba, akaifunga.

"Kidato cha tatu wana jaribio saa nne," alisema, akiwa tayari anatafuta karatasi nyingine. "Mirija iko tayari?"

"Bado, mkuu."

"Unangoja nini?"

Kunegunda alisema ndiyo mkuu, akatoka, akavuka uwanja wa gwaride kwa mwendo wa kawaida kabisa, mpaka alipofika kwenye bomba nyuma ya maabara. Pale ndipo alipoelewa alichoambiwa: mkuu bado alimhesabu kuwa mhudumu wake. Akakalia ndoo iliyopinduliwa na kulia kwa sauti, bila aibu, mbele ya wasichana watatu wa zamu waliokuja kuchota maji. Kisha akanawa uso, akafungua koki, akaanza na mrija wa kwanza, maana ilikuwa imeshafika saa tatu na nusu.